Livingstone: Tabibu aliyekosa dawa yake mwenyewe

WAFANYABIASHARA wanaovuka mpaka wa Tunduma na Nakonde na kushika barabara kuu ya kwenda Lusaka hupita Mpika, kisha Serenje. Kabla ya kufika Serenje kuna njia inayochepuka kuelekea vinamasi vya Ziwa Bangweulu. Wengi huipita bila kuitazama mara mbili, kwa kuwa mzigo uko kwenye lori na saa zinakwenda. Huko ndani ndiko kilikokuwa kijiji cha Chitambo, mahali alipofia David Livingstone mwaka 1873, na ndiko moyo wake ulikozikwa.

Vitabu vya shule humtaja kama mpelelezi na mmisionari aliyepinga biashara ya watumwa. Jambo moja huelezwa kwa haraka: kwamba mtu huyu aliyekuwa tabibu na mchungaji kwa wakati mmoja aliishi miaka 30 barani Afrika akiugua, akiuguza na akizika, na kwamba sala zake nyingi kuhusu afya, ya kwake na ya watu wake, hazikupata jibu alilolitaka.

Alizaliwa Machi 19, 1813 Blantyre, Scotland. Baba yake, Neil, alikuwa mchuuzi wa majani ya chai aliyetembea mlango kwa mlango, akiuza chai na kugawa vijitabu vya dini. Familia ilikuwa maskini. David alianza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye mashine ili asome huku akifanya kazi. Baba hakupenda vitabu vya sayansi. Aliviona adui wa imani. Kijana aliteseka kwa hilo mpaka aliposoma maandishi ya Thomas Dick, Mskoti mwenzake, aliyefundisha kuwa elimu ya viumbe na imani kwa Muumba havigombani. Kuanzia hapo hakuona tena sababu ya kuchagua kati ya dawa na sala.

Alisomea utabibu Glasgow, na Novemba 1840 alipata leseni ya udaktari na kuwekewa mikono ya uchungaji ndani ya mwezi huohuo. Alitaka kwenda China. Vita vya kasumba vikafunga njia hiyo, akapelekwa kusini mwa Afrika.

Mvua iliyokataa kunyesha

Sala yake ya kwanza iliyogonga mwamba mbele ya watu haikuwa ya ugonjwa. Ilikuwa ya mvua. Mwaka 1848, akiwa Kolobeng katika nchi ambayo leo ni Botswana, alimbatiza Sechele, mfalme wa Wakwena. Sechele alikuwa pia mganga wa mvua mwenye sifa, na kwa kubatizwa aliiacha kazi hiyo. Ukame ukaja. Mto ukakauka, samaki wakafa. Mawingu yalikusanyika, yakapita juu ya Kolobeng na kunyesha kwa majirani ambao hawakuwa na habari na kanisa. Watu walimwendea Livingstone kwa upole, wakimsihi amruhusu mfalme wao alete mvua walau mara moja tu, kisha wote watakuja kusali.

Katika kitabu chake cha mwaka 1857, Livingstone aliandika mabishano yake na mganga wa mvua, na kwa haki kabisa alimpa mpinzani wake hoja nzito. Mganga alimwambia kwamba wote wawili ni wa kazi moja. Daktari anampa mgonjwa dawa. Akipona, dawa inasifiwa. Akifa, inasemwa Mungu ameamua, na kesho yake daktari anaendelea kutoa dawa ileile. Kwa nini basi mganga wa mvua aache dawa zake kwa kuwa mvua haikunyesha? Livingstone alikiri kwamba hakuwahi kumshawishi hata mmoja wao. Wachungaji wengi wangelificha jambo kama hilo. Yeye alilichapisha, likasomwa Uingereza nzima.

Miaka miwili baadaye pigo liliingia nyumbani. Mkewe Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat, alijifungua mtoto wa kike, Elizabeth, muda mfupi baada ya safari ngumu ya kwenda Ziwa Ngami akiwa mjamzito. Mtoto aliishi wiki sita tu. Mary mwenyewe alipooza upande wa uso. Mama mkwe alimlaumu Livingstone waziwazi kwa kuiburuta familia porini, na ni vigumu kusema hakuwa na hoja. Mwaka 1852 aliwapandisha meli mkewe na watoto kwenda Uingereza, yeye akabaki.

Sanduku la dawa

Katika safari yake ya kuvuka bara kutoka Linyanti hadi Luanda, na kisha hadi Quelimane upande wa Bahari ya Hindi, mwaka 1853 hadi 1856, homa ilimwangusha zaidi ya mara 20. Ndipo alipokamilisha dawa yake: kwinini iliyochanganywa na kalomeli, jalapi na rubabu. Wazungu wengi wa wakati huo walitumia kwinini kidogo mno au walichelewa kuitumia. Yeye aliitoa mapema na kwa kipimo kikubwa. Wengi walipona, naye akaanza kuizungumzia homa ya Afrika kana kwamba ni mafua ya kawaida. Kujiamini huko kulikuja kugharimu roho za watu.

Mwaka 1860 wamisionari Helmore na Price walifika Linyanti na familia zao, wote tisa, wakitegemea kumkuta Livingstone. Hakuwapo. Homa iliwashika, na sita kati yao wakafa, watatu wakiwa watoto. Livingstone alipopita huko miezi michache baadaye alilikuta gari lake la ng'ombe aliloliacha mwaka 1853, likiwa limetunzwa vizuri na wenyeji, sanduku la dawa likiwa ndani. Lilikuwa jirani kabisa na mahali walipofia wale watu, ambao hawakujua kuwa lipo.

Januari 1862 zamu ikawa ya Askofu Charles Mackenzie wa misheni ya vyuo vikuu, iliyokuja kuhamia Zanzibar baadaye. Mtumbwi wake ulipinduka usiku, kwinini yote ikazama. Yeye na mwenzake Burrup waliamua kuendelea na safari. Askofu alifariki Januari 31 kwenye maungano ya mito Ruo na Shire, Burrup akafuata wiki chache baadaye. Dada wa askofu na mke wa Burrup walikuwa ndio kwanza wanawasili pwani kwa meli.

Katika meli hiyohiyo alikuwamo Mary Livingstone. Aprili alishikwa na homa huko Shupanga, kando ya Zambezi. Safari hii dawa ilikuwapo, na madaktari walikuwapo wawili, mumewe na John Kirk. Lakini mgonjwa alitapika kila baada ya dakika chache, kwinini haikukaa tumboni. Jioni ya Aprili 27, 1862, Livingstone alimwomba mchungaji James Stewart asali, wote wakapiga magoti kando ya kitanda. Mary alifariki kabla usiku haujaenda mbali, akazikwa chini ya mbuyu. Livingstone, ambaye wenzake walimjua kama mtu mgumu asiyeonyesha machozi, alilia kama mtoto, na katika shajara aliandika kwamba kwa mara ya kwanza maishani anatamani kufa.

Kuna wahubiri siku hizi, na kila mfanyabiashara wa mpakani amewahi kuwasikia kwenye vipaza sauti vya stendi, wanaomwambia mgonjwa asiyepona kwamba imani yake ni ndogo, au kwamba vidonge ni dalili ya kumshuku Mungu. Livingstone hakufika huko. Kifo cha Mary hakukitafsiri kuwa adhabu, wala hakutafuta dhambi ya kukielezea. Aliiona homa kuwa homa. Alisali na kutoa kwinini, na siku iliyofuata aliendelea kusali na kutoa kwinini. Udhaifu wake ulikuwa upande mwingine: aliwatarajia wengine wawe na mwili wa chuma kama wake, na walipokufa alikuwa mwepesi wa kusema hawakujitunza.

Safari ya mwisho

Mwaka 1866 alirudi, akashuka Mikindani, pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, akitafuta chanzo cha Mto Nile. Januari 20, 1867, katika misitu ya kaskazini mwa Zambia, kijana aliyeitwa Baraka, mwangalifu kuliko wote, alibadilishana mzigo kwa muda na mpagazi Myao. Mpagazi huyo na mwenzake wakatoroka mvuani. Mzigo uliokwenda nao ulikuwa sanduku la dawa.

Livingstone aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyesomewa hukumu ya kifo, akamkumbuka Askofu Mackenzie. Papo hapo aliwatetea wezi: walikuwa wameuzwa utumwani wakiwa wadogo, na utumwa si shule ya kufundisha uaminifu. Alijaribu pia kuona heri katika hasara hiyo. Pengine bila sanduku la dawa, watu wa mbele wasingemshuku uchawi.

Heri hiyo haikuonekana. Mapafu yaliugua, na mapema mwaka 1869 alifikishwa Ujiji akiwa nusu mfu, amebebwa kwenye machela. Dawa alizoagiza kutoka Zanzibar zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, karibu na Tabora, siku 13 kwa miguu, na vita vimefunga njia. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kuambiwa mzigo wake umekwama ghalani upande wa pili wa mpaka anaijua hali hiyo, ila yeye alikuwa akitema damu.

Huko Bambarre, mashariki mwa Kongo ya leo, vidonda vya miguu vilimlaza kwa miezi mingi mwaka 1870. Hakuwa na kazi nyingine ila kusoma. Akiwa Manyema aliimaliza Biblia nzima mara nne. Dawa kutoka kwa Kirk, aliyekuwa sasa Zanzibar, zilimfikia Februari 1871. Julai akashuhudia mauaji ya Nyangwe, wafanyabiashara wa watumwa wakiwamiminia risasi wanawake sokoni. Oktoba alirudi Ujiji na kukuta bidhaa zake zote zimeuzwa na mtu aliyepewa kuzitunza, aliyeitwa Sherif. Alijilinganisha na yule msafiri wa Yeriko aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, bila kumwona Msamaria yeyote akija. Siku chache baadaye Susi, mtumishi wake, alikuja mbio: msafara wa Henry Stanley umeingia mjini, una vitambaa, vyakula na barua.

Sala hiyo ilijibiwa, na kwa wingi kuliko alivyotarajia. Stanley alimsihi arudi naye nyumbani akatibiwe. Alikataa. Tangu miaka ya nyuma alikuwa na bawasiri zilizotoka damu, na alipokuwa Uingereza mwaka 1864 aliepa upasuaji ambao huenda ungemwongezea maisha. Mwanzoni mwa 1872 alimwomba Mungu amwezeshe kumaliza kazi yake mwaka huo. Mwaka ukaisha. Alikuwa akizunguka Bangweulu katika mvua na matope hadi kiunoni, akifuata mto ambao alidhani ni Nile. Ulikuwa Lualaba, na maji yake huishia Atlantiki kupitia Mto Kongo. Ombi lake kubwa kuliko yote halikuweza kutimia, kwa sababu chanzo alichokitafuta hakikuwa huko.

Damu haikukoma. Watu wake walimbeba kwenye machela. Maandishi yake ya mwisho ni ya Aprili 27, 1873, miaka 11 kamili tangu Mary afe. Usiku wa mwisho alimwita Susi, akataka maji ya moto na sanduku la dawa. Macho yalikuwa yamefifia, Susi akamshikia mshumaa. Kwa tabu alichagua kalomeli, akataka iwekwe karibu yake na kikombe cha maji, akamruhusu Susi aende. Kabla ya mapambazuko ya Mei 1 kijana Majwara aliwaita wenzake. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso kwenye viganja, mwili umepoa.

Walichofanya watu wake baada ya hapo kinajulikana, ila wafanyabiashara watakipenda kwa sababu yao wenyewe. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo chini ya mti wa mpundu, Jacob Wainwright akisoma ibada, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua. Wengi wao waliugua mwanzoni mwa safari, ikabidi wapumzike karibu mwezi mzima. Walipokuwa wameipita Tabora, wenyeji wa njiani walikataa maiti ipite. Wakajifanya kuirudisha kwa kutuma mzigo bandia, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la kitambaa. Hivyo ukapita mpaka Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi tisa hivi, na Aprili 18 ukazikwa Westminster Abbey, London. Daktari aliyeuchunguza aliutambua kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba mwaka 1844.

Chuma alifariki mwaka 1882 katika hospitali ya misheni Zanzibar, kwa kifua kikuu. Susi alibatizwa mwaka 1886, akachagua jina la David, akafa hukohuko Zanzibar mwaka 1891. Katika kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, unatundikwa msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo.