Lev Vygotsky (1896–1934): Maisha Yake na Dhana ya Lugha kama Chombo cha Fikra

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kusoma saikolojia hukutana mapema na orodha ya dhana anazotakiwa kuzikariri pamoja na majina ya waasisi wake: mwitiko uliofunzwa wa Pavlov, hatua za ukuaji wa akili za Piaget, nafsi isiyojitambua ya Freud, na ukanda wa ukuaji wa karibu wa Lev Semyonovich Vygotsky. Orodha ya namna hiyo ina manufaa yake wakati wa mtihani. Hata hivyo, humtenga mtaalamu na maswali yaliyomsumbua, na huifanya dhana ionekane kana kwamba ilizaliwa ikiwa imekamilika. Kwa Vygotsky hasara hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa alifariki akiwa na umri wa miaka 37, akaacha maandishi mengi ambayo hayakupata kuhaririwa naye mwenyewe. Sehemu kubwa ya yale tunayofundisha leo kwa jina lake yamepitia mikononi mwa wahariri, wafasiri na wafuasi.

Makala hii inakusudia kueleza maisha ya mtaalamu huyo na kuonyesha jinsi dhana zake kuu zilivyochipuka humo. Hoja yetu ni kwamba kiini cha kazi yake ni uhusiano wa lugha na fikra, na kwamba dhana zake nyingine hueleweka vizuri pale tu zinaposomwa kwa kuzingatia kiini hicho.

2.0 Malezi na Elimu

Vygotsky alizaliwa mwezi Novemba 1896 katika mji wa Orsha, ambao siku hizi umo nchini Belarusi na wakati huo ulikuwa chini ya Dola ya Urusi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanane katika familia ya Kiyahudi. Alikulia katika mji wa Gomel, ambako baba yake alikuwa meneja wa tawi la benki. Kwa miaka kadhaa alisomeshwa nyumbani na mwalimu wa kuajiriwa, ndipo akaingia shule ya sekondari, aliyoihitimu mwaka 1913 kwa medali ya dhahabu.

Medali hiyo haikutosha kumfungulia mlango wa chuo kikuu. Sheria za Dola ziliwatengea Wayahudi asilimia 3 tu ya nafasi katika Chuo Kikuu cha Moscow, na mwaka huohuo ikaamuliwa kwamba nafasi hizo chache zigawiwe kwa kura badala ya alama za mtihani. Vygotsky akaipata nafasi yake kwa kura. Alianza na udaktari, kama wazazi wake walivyopenda, lakini baada ya muda mfupi akahamia sheria. Sambamba na masomo hayo alisoma historia na falsafa katika Chuo Kikuu cha Umma cha Shanyavsky, chuo ambacho hakikuwa na vikwazo vya serikali. Mapenzi yake makubwa yalikuwa fasihi na tamthilia. Akiwa bado mwanafunzi aliandika uchambuzi mrefu wa tamthilia ya Hamlet. Ni vyema msomaji akumbuke jambo hili: mtu tunayemhesabu miongoni mwa wanasaikolojia aliingia katika taaluma hiyo kupitia mlango wa neno.

3.0 Kutoka Gomel hadi Moscow

Mwaka 1917, mwaka wa mapinduzi, Vygotsky alirudi Gomel. Huko alifundisha fasihi shuleni na saikolojia katika chuo cha ualimu, ambako alianzisha maabara ndogo. Miaka hiyo ilikuwa ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, njaa na maradhi. Ndugu yake mmoja alifariki kwa kifua kikuu, na yeye mwenyewe akaambukizwa ugonjwa huo. Tangu hapo hadi kufa kwake aliishi akijua kwamba muda wake ni mfupi.

Mwezi Januari 1924 alihudhuria kongamano la wanasaikolojia na wataalamu wa neva katika jiji la Petrograd, ambalo lilibadilishwa jina kuwa Leningrad mwezi huohuo. Wakati huo mkondo uliotawala nchini humo ulieleza tabia ya mwanadamu kwa njia ya miitikio ya mwili peke yake. Mwalimu huyu wa mkoani, asiyejulikana na wengi, alisimama mbele ya mabingwa akadai kwamba sayansi inayoikwepa fahamu haiwezi kumweleza mwanadamu. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Alexander Luria, aliyekuwa bado kijana. Haikuchukua muda Vygotsky akaalikwa kujiunga na Taasisi ya Saikolojia ya Moscow. Yeye, Luria na Alexei Leontiev wakaanza kushirikiana katika utafiti.

Mwaka uleule alimwoa Roza Smekhova, nao wakajaliwa mabinti wawili. Mwaka 1925 alisafiri hadi London kuhudhuria mkutano wa elimu ya viziwi. Mwaka huo pia alikamilisha tasnifu yake kuhusu saikolojia ya sanaa, akatunukiwa shahada bila kuitetea hadharani kwa sababu ya ugonjwa. Tasnifu hiyo haikuchapishwa hadi mwaka 1965.

4.0 Dhana Kuu

4.1 Ishara kama chombo

Dhana ya msingi katika kazi ya Vygotsky ni upatanishi. Mwanadamu hakabiliani na ulimwengu kwa mikono mitupu. Hutumia jembe kuibadili ardhi. Vivyo hivyo, hutumia ishara kuibadili akili yake mwenyewe. Mtu anayefunga fundo kwenye leso ili asisahau jambo ameweka kumbukumbu yake nje ya mwili, kisha akaitumia kujitawala. Kati ya ishara zote, lugha ndiyo kuu.

Kutokana na hoja hiyo Vygotsky alieleza kwamba kila uwezo wa juu wa akili hujitokeza mara mbili katika ukuaji wa mtoto: kwanza baina ya watu, kisha ndani ya mtoto mwenyewe. Alitumia mtazamo huo pia katika elimu ya watoto wenye ulemavu. Kwa maoni yake, asiyeona anayesoma kwa vidole maandishi ya nukta anasoma kwa maana kamili ya neno hilo. Njia ya hisi imebadilika, kazi ya ishara katika jamii haikubadilika. Tatizo lililo zito zaidi ni kutengwa na shughuli za wenzake.

4.2 Usemi wa ndani

Mwaka 1923 Jean Piaget wa Uswisi alichapisha kitabu kuhusu lugha na fikra za mtoto. Humo alieleza kwamba watoto wadogo huongea peke yao kwa sababu bado hawajaweza kuzingatia mtazamo wa wengine, na kwamba usemi huo hufifia kadiri mtoto anavyozidi kuingia katika jamii. Vygotsky alipinga tafsiri hiyo. Katika majaribio yake aliona kwamba mtoto akiwekewa kikwazo, kwa mfano akikosa penseli anayoihitaji kuchora, usemi huo huongezeka. Alihitimisha kwamba mtoto hutumia usemi huo kupanga vitendo vyake. Kwa mujibu wake, usemi huo haufi, bali huzama ndani na kuwa usemi wa kimyakimya ambao mtu mzima hufikiri kwao.

Kwa mwanaisimu, maelezo yake kuhusu sarufi ya usemi wa ndani yana thamani ya pekee. Usemi huo umefupishwa: kiima huachwa kwa kuwa msemaji anakijua, hubaki kiarifu. Aidha, maana ya neno iliyo thabiti kikamusi humezwa na maana pana ambayo neno limeikusanya katika maisha ya mtumiaji. Piaget alizijibu hoja hizi katika maelezo yaliyotolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1962, akikubali sehemu yake. Wakati huo mwenziwe alikuwa amekufa miaka 28 iliyopita.

4.3 Ujengaji wa dhana

Je, mtoto anapotamka neno analotamka mtu mzima, wanamaanisha kitu kimoja? Ili kulijibu swali hili Vygotsky na mwenzake Sakharov walitumia vipande 22 vya mbao vyenye rangi, maumbo na vimo mbalimbali, vilivyoandikwa chini yake majina ya kubuni. Jina lag, kwa mfano, liliwakilisha vipande virefu vyenye upana mkubwa. Mtoto alitakiwa kugundua kwa hatua jina lina maana gani. Ilidhihirika kwamba mtoto mdogo hukusanya vitu ovyo, baadaye huviunganisha kwa mfanano wa hapa na pale, na dhana halisi hujengeka katika umri wa kubalehe. Mtoto na mtu mzima wanaweza basi kuafikiana juu ya kitu kinachotajwa huku wakitofautiana katika maana.

4.4 Ukanda wa ukuaji wa karibu

Dhana hii ndiyo maarufu kuliko zote, ingawa ilijitokeza katika miaka ya mwisho ya maisha yake na haikuchukua kurasa nyingi. Vygotsky alitoa mfano wa watoto wawili ambao vipimo vinaonyesha kuwa wote wana akili ya umri wa miaka minane. Wakisaidiwa kidogo, mmoja hutatua maswali ya umri wa miaka 12 na mwingine huishia miaka tisa. Tofauti baina ya kile mtoto anachoweza peke yake na kile anachoweza kwa msaada ndiyo ukanda wenyewe. Mafunzo mema hutangulia ukuaji na kuuvuta, hayausubiri.

Hapa yafaa kusahihisha kosa lililoenea. Istilahi ya jukwaa la ujenzi, ambayo vitabu vingi vya kiada humpa Vygotsky, ilitolewa na Wood, Bruner na Ross mwaka 1976. Isitoshe, neno la Kirusi obuchenie, alilotumia Vygotsky, hubeba pande zote mbili za tendo moja, la anayefundisha na la anayefundishwa. Wafasiri wa Kiingereza walilazimika kuchagua upande mmoja. Kiswahili kina bahati ya kuwa na mzizi -fund-, unaozaa funda, fundisha, jifunza, mwanafunzi na mafunzo. Mfasiri wa Kiswahili akitumia neno mafunzo atakuwa karibu zaidi na neno la asili.

5.0 Utafiti wa Uzbekistan na Ukosoaji Wake

Mwaka 1931 na 1932 Luria aliongoza safari za utafiti nchini Uzbekistan ili kupima kama mabadiliko ya jamii hubadili namna ya kufikiri. Vygotsky, ambaye alishiriki katika kubuni utafiti huo, hakuweza kusafiri kwa sababu ya afya yake. Wakulima wasiojua kusoma walikataa mara nyingi kutoa hitimisho kuhusu mambo wasiyoyaona kwa macho. Viongozi wa Kisovieti waliushutumu utafiti huo kwamba unawadunisha watu wa mataifa madogo, na matokeo yake kwa ukamilifu hayakuchapishwa hadi mwaka 1974.

Shutuma hizo zilikuwa na siasa ndani yake, lakini msomaji wa leo ana sababu za kitaaluma za kuwa na tahadhari. Mwaka 1981 Sylvia Scribner na Michael Cole walichapisha utafiti wao kuhusu Wavai wa Liberia, ambao wana hati yao wenyewe isiyofundishwa shuleni. Walibaini kwamba kujua kusoma peke yake hakuleti mabadiliko ya jumla katika fikra. Mengi yaliyodhaniwa kuwa matunda ya kusoma ni matunda ya mazoea ya darasani. Matokeo haya yanadhoofisha wazo la kuwapanga watu wa tamaduni mbalimbali kwenye ngazi moja.

6.0 Kifo na Hatima ya Maandishi Yake

Katika majira ya kuchipua ya 1934 kifua kikuu kilimzidi. Sura ya mwisho ya kitabu chake kikuu, kiitwacho Fikra na Usemi, aliitoa kwa imla. Alifariki jijini Moscow tarehe 11 Juni 1934, na kitabu kikatoka kabla ya mwaka kwisha. Tarehe 4 Julai 1936 Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti ilipiga marufuku pedolojia, taaluma ya jumla ya mtoto ambayo Vygotsky alikuwa ameiandikia sana. Watafiti wa karibuni wameonyesha kwamba haikuwa marufuku ya vitabu vyake vyote, kama ilivyozoeleka kusimuliwa. Hata hivyo, kitabu chake kikuu hakikuchapishwa tena hadi mwaka 1956. Kitabu cha Kiingereza cha 1978 kilichompa umaarufu Marekani kiliundwa na wahariri kwa kuunganisha maandishi yake mbalimbali.

7.0 Hitimisho

Vygotsky aliifanya saikolojia kwa muda wa miaka kumi hivi, na mengi aliyoyaanza yalibaki bila kukamilika. Hakuandika lolote kuhusu shule zetu. Lakini alishikilia kwamba mtoto hujifunza lugha ya kigeni kwa kuegemea mfumo wa maana aliokwisha kuujenga katika lugha yake ya kwanza, na kwamba dhana za kitaaluma nazo huegemea dhana za maisha ya kila siku. Kwa maoni yetu, hoja hiyo inamhusu kila anayeshiriki mjadala wa lugha ya kufundishia nchini Tanzania. Mwanafunzi anayepewa dhana mpya kwa maneno ambayo bado hana maana zake amenyimwa cha kuegemea, na akikariri jibu sahihi, mwalimu hatajua kwa urahisi kama ameelewa. Huu ni uwanja wa utafiti kwa wanafunzi wetu wa uzamili, nao watahitaji kwanza kumsoma Vygotsky mwenyewe, si muhtasari wake.