Abu Bakr al-Razi: Tabibu Aliyepoteza Macho Yake



Ndugu msomaji, ukifungua daftari juani, au ukiinua macho kutazama anga jeupe la Nakivale mchana, huenda ukaona vitu vidogo vinaelea mbele ya jicho: nukta, uzi, au kitu kama utando wa buibui. Ukigeuza jicho kukifuata, kinakimbia. Wapo wanaokaa kimya kwa hofu kwamba wanapofuka. Wapo wanaodhani wamepigwa na jicho la hasidi. Na wapo wanaopuuza hata lile lisilofaa kupuuzwa. Kabla ya kuwajibu, tusome maisha ya tabibu mkubwa aliyeandika mengi juu ya jicho, na ambaye mwisho wa umri wake hakuona tena.

Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi alizaliwa mwaka 251 Hijria (865 Miladia) katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo. Inasimuliwa kwamba ujanani alipenda kupiga udi na kuimba, na kwamba utabibu aliuanza akiwa mtu mzima, wakati wenzake wa rika lake walikuwa tayari wana wanafunzi. Hilo na liwafariji ndugu zetu waliopoteza miaka ya shule kwa sababu ya vita na kukimbia. Aliyechelewa kuanza alikuja kuwa mkuu wa hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad, makao makuu ya Ukhalifa.

Ibn al-Nadim, aliyeishi karne hiyo hiyo, ameeleza jinsi al-Razi alivyofundisha. Alikaa katikati, wanafunzi wake wakamzunguka, na wanafunzi wa wanafunzi wakakaa nyuma yao. Mgonjwa aliyeingia alianza kwa wale wa nje. Wakishindwa, walimpeleka kwa wa ndani. Na hao wakishindwa, ndipo al-Razi mwenyewe alipomtazama. Aliyewahi kupewa barua ya rufaa katika kituo cha afya cha huku kambini ili aende Mbarara anaujua utaratibu huo. Tena al-Razi alisifika kwa huruma kwa maskini: aliwatibu na kuwasaidia kwa mali yake.

Alitunga vitabu vingi. Kimoja kilieleza tofauti ya ndui na surua kwa namna iliyowafaa matabibu kwa karne nyingi. Baada ya kufa kwake, maandishi yake ya kila siku yalikusanywa yakawa al-Hawi, kitabu kikubwa kilichotafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1279 na kusomwa Ulaya. Kingine alikiandika kwa ajili ya mtu asiye na tabibu karibu naye, na sisi tunaotoka vijiji vya mbali na hospitali tunajua thamani ya kitabu kama hicho. Hatusemi kila alichoandika kilikuwa sawa. Katika falsafa, wanazuoni wengi walimpinga vikali. Hapa tunachukua kwake elimu ya tiba.

Kuhusu jicho, matabibu wa zama zake walifundisha kwamba lina tabaka saba na majimaji ya namna tatu: moja kama ute wa yai, moja kama barafu, na moja kama kioo kilichoyeyuka. Al-Razi aliandika pia kwa nini mboni hujibana penye mwanga na kutanuka gizani. Watu wa zama hizo walichukulia vivuli vinavyoelea machoni kuwa dalili ya mwanzo ya maji kushuka ndani ya jicho, yaani mtoto wa jicho. Leo tunajua kwamba vingi hutoka katika ile sehemu ya tatu. Jicho limejaa ute mzito mfano wa jeli. Kadiri umri unavyokwenda, ute huo huwa mwepesi, na nyuzinyuzi zake hushikana. Mwanga ukipita, nyuzi hizo hutupa kivuli kwenye utando wa nyuma ya jicho uitwao retina. Kile unachokiona ni kivuli. Wasioona mbali vizuri huvipata mapema zaidi, hata wakiwa vijana.

Turudi kwa al-Razi. Yeye mwenyewe alieleza kwamba katika mwaka mmoja aliandika zaidi ya kurasa 20,000 kwa hati ndogo sana. Kitabu chake kikubwa alikifanyia kazi miaka 15, usiku na mchana, mpaka macho yakadhoofika na misuli ya mkono ikaharibika. Hata hapo hakuacha elimu: alitafuta watu wa kumsomea na kumwandikia. Mwishowe akawa kipofu. Husimuliwa kwamba aliletewa mtu wa kumpasua jicho. Al-Razi akamuuliza jicho lina tabaka ngapi, na yule hakujua. Al-Razi akakataa kuguswa na asiyelijua jicho. Wengine husimulia kwamba alisema ameshaiona dunia kiasi cha kumtosha. Alifariki mwaka 313 Hijria (925 Miladia), katika mji wake wa Rayy.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba alikuwa na haki ya kuuliza. Usimpe jicho lako kila mwenye chupa ya dawa sokoni, wala usitie majani au maji ya mizizi ndani yake. La pili ni la kumhurumia: mtu aliyepokea wagonjwa kwa mafungu hakupata wa kumtibu. Sisi tumepata. Mbarara kuna hospitali kuu ya rufaa na kuna kituo cha macho cha Ruharo, na wapo wanaojua tabaka za jicho.

Basi, je, tuhofu? Ikiwa nukta zako ni chache, ni zile zile za miezi au miaka, na unaona vizuri, soma vitabu vyako kwa amani. Ubongo huzizoea hata ukazisahau. Pata tu kupimwa macho ukipata nafasi, hasa ukiwa na kisukari. Lakini zikija nyingi kwa ghafla kama mvua ya masizi, ukaona miali ya mwanga kama radi pembeni, ukaona kivuli mfano wa pazia kikishuka, au uoni ukapungua, nenda siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukipigwa jichoni, au jicho likiuma na kuwa jekundu. Huenda retina imechanika. Ikiwahiwa hutibika, ikiachwa ikabanduka unaweza kupoteza jicho. Nauli ya taksi kutoka Nakivale ni nzito kwa wengi wetu, tunalijua hilo. Usione haya kuwaambia wenzako msikitini wachange. Huo ni msaada wenye ujira.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tutafute tiba. Macho ni amana tutakayoulizwa. Mwenyezi Mungu atuhifadhie macho yetu, na atupe nuru ya moyo pale ya macho inapopungua. Amin.