Mwenyeheri Miguel Pro na picha iliyotakiwa kututisha

Leo nawaletea Padre Miguel Pro, Mjesuiti wa Meksiko. Serikali ilipolibana Kanisa, alizunguka mjini kwa baiskeli, amevaa kiraia, akipeleka Komunyo majumbani kwa siri. Tarehe 23 Novemba 1927 alipigwa risasi bila kufikishwa mahakamani. Wapiga picha wa magazeti waliitwa makusudi, Wakatoliki waone waogope. Kumbe picha ikamwonyesha amenyoosha mikono kama msalaba, rozari mkononi. Waamini wakaitunza kama picha takatifu. Mimi nikiitazama, hofu sioni, namwona Kristo. Sasa wewe, kabla hujarusha picha ya marehemu kwenye grupu, umemwombea? Mwenyeheri Miguel Pro, utuombee.