Maisha ya Mwanamalundi, mtu wa kidole

Katika Usukuma yetu hii, ukianzia hapa Malampaka uende Bariadi, Kwimba au Kishapu, ni vigumu kumpata mzee asiye na hadithi ya Mwanamalundi. Mtoto huisikia kabla hajajua kusoma: alikuwepo mtu aliyenyoosha kidole kuelekea miti, nayo miti ikakauka. Kwa kuwa wengi wetu tunaijua hadithi ya kidole na hatumjui mwenye kidole, tumeona vema tuandike habari zake, na pia tuulize swali moja ambalo limetusumbua tangu tulipoanza kuzikusanya.

Jina lake lilikuwa Igulu Bugomola. Igulu kwa Kisukuma ni mbingu, ndilo neno lililomo ndani ya jina Mwigulu ambalo wengi wanalo hata leo. Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, wakati Wajerumani wanaingia katika nchi ya watemi. Mwanamalundi, au kwa matamshi ya nyumbani Ng'wanamalundi, ni jina la utani lililotokana na miguu yake mirefu. Ni jina la mcheza ngoma, na hapo ndipo maisha yake yanapopaswa kuanzia. Kabla hajawa mtu wa miujiza alikuwa manju.

Asiyekulia kwetu huenda asielewe uzito wa neno hilo. Baada ya mavuno, pamba ikishauzwa na mtama ukiwa ghalani, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hukutana uwanja mmoja. Kila upande una manju wake, na pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, huku watazamaji wakiwa huru kwenda watakako. Hakuna hakimu mwenye daftari. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Basi manju alihitaji sauti, alihitaji tungo mpya kila msimu, na watu waliamini kwamba alihitaji pia dawa ya kuvuta umati, iliyoitwa samba. Mwanamalundi alikuwa bingwa katika uwanja huo. Wazee husimulia kwamba aliposikika anapita, watu waliacha majembe shambani.

Kuhusu uwezo wake simulizi ni nyingi, nasi tunazitaja kama simulizi. Iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya miti. Husemwa kwamba Wajerumani walisikia sifa zake wakamkamata, wakataka awaonyeshe. Akanyoosha kidole, na msitu uliokuwa mbele yao ukanyauka. Husemwa pia kwamba walimfunga mbali na kwao, kisha akarudi. Katika masomo yetu ya mantiki tunafundishwa kwamba jambo kufuata jingine siyo ushahidi kwamba limesababishwa nalo, na mti unaweza kukauka kwa mchwa, kwa ukame, au kwa kuchunwa gome. Hata hivyo hatuandiki makala hii ili kubishana na wazee wetu juu ya miti. Tunachoona ni kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa na sababu ya kumwogopa mtu anayeweza kukusanya maelfu kwa wimbo tu, awe na dawa au asiwe nayo. Miaka ya 1905 hadi 1907 Wajerumani walikuwa wamepambana na Majimaji kusini, na Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe walimnyonga. Mganga mwenye wafuasi hakuwa mzaha kwao.

Waingereza waliitwaa Mwanza mwaka 1916. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado imo katika vitabu vya sheria vya Tanzania, ilimfanya mkosaji mtu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi na hata anayekutwa na vifaa vyake. Ilimpa pia mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mtu anayetuhumiwa na kumpangia mahali pa kukaa. Mwanamalundi aliishi chini ya sheria hiyo miaka yake ya mwisho, sifa zake zikiwa zimeenea nchi nzima ya Wasukuma. Alifariki mwaka 1936.

Sasa swali letu. Huyu ni mtu ambaye kila mmoja alisema ana nguvu zisizo za kawaida, nguvu za kuua kitu chenye uhai kwa kukinyooshea kidole. Kama kweli jamii yetu huwaua wachawi kwa sababu inaogopa nguvu zao, ilipaswa kuanza na yeye. Lakini katika yote yanayosimuliwa juu yake, hakuna kundi lililomwendea usiku na mapanga. Alitungiwa nyimbo. Alitafutwa na wenye shida. Watu walimwita mfumu, yaani mganga, siyo nogi, yaani mchawi, ingawa ukiviweka vitu vyao mezani, pembe kwa pembe, kibuyu kwa kibuyu, sisi hatuoni tofauti.

Mambo hayakuwa tofauti Uingereza. Mwaka 1566, mjini Chelmsford, alinyongwa mwanamke mzee maskini aitwaye Agnes Waterhouse. Kifaa chake cha uchawi kilichotajwa mahakamani ni paka aliyemfuga ndani ya chungu chenye sufu. Wakati huohuo John Dee, msomi mwenye vitabu vingi, aliwapigia wakubwa hesabu za nyota, na baadaye akawa anatafuta malaika katika vioo na fuwele. Malkia Elizabeth wa Kwanza alimtembelea nyumbani kwake. Kioo cheusi kinachosemwa kuwa chake kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, na watalii hukitazama. Dee aliwahi kukamatwa na kushtakiwa, ni kweli, ila alikufa akiwa mzee sana bila kunyongwa.

Turudi kwetu. Ripoti ya serikali ilihesabu watu zaidi ya 3,600 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi kati ya 1970 na 1984, walio wengi wanawake, na zaidi ya nusu Usukuma. Hawakuwa mamanju. Walikuwa bibi wanaoishi peke yao, wajane wenye kipande cha shamba au ng'ombe ambao ndugu wa marehemu mume waliwatamani. Ushahidi mkubwa ulikuwa macho mekundu. Na macho hayo yanatoka wapi? Miti ya Usukuma ilimalizwa na shoka, siyo na kidole cha mtu: mashamba ya pamba, mifugo mingi, na kampeni za serikali ya Waingereza za kufyeka pori ili kuondoa mbung'o. Kuni zikawa haba, akina mama wakapikia mabua ya pamba na samadi kavu, na moshi wa miaka arobaini katika jiko lisilo na dirisha ukafanya kazi yake machoni.

Aliyewatambulisha mara nyingi alikuwa mpiga ramli. Mtoto amefariki, familia inakwenda kwake usiku, anapasua kuku, anaangalia matumbo, anataja upande fulani wa kijiji. Kidole hicho kimeua wengi kuliko cha Mwanamalundi. Wapo Wakristo wanaodhani kosa ni kuroga tu, na kwamba kwenda kuuliza ni kutafuta ukweli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inakataza ramli za kila namna, na namba inayofuata ndiyo inayokataza uchawi; zimewekwa jirani. Kwa maoni yetu anayepeleka kuku kwa mpiga ramli akijua jina litakalotoka litampata mtu, hawezi kunawa mikono kwa sababu panga lilishikwa na kijana mwingine wa kukodiwa.

Anayetaka kuona urithi wa kina Mwanamalundi bila woga aende Bujora, Kisesa, ambako Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianzisha makumbusho ya Wasukuma. Ngoma, mavazi na vifaa vya Bagika na Bagalu vimo hapo, kando ya kanisa, na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo huambatana na mashindano ya Bulabo.

Likizo ijayo baadhi yetu tutakuwa vigangoni, huku Malampaka na kwingineko Maswa. Tumekubaliana kuwatembelea mabibi wanaokaa peke yao, kuwasaidia kuteka maji na kutoboa dirisha la jiko pale watakapoturuhusu, na kuwaomba watusimulie juu ya Mwanamalundi. Wazazi wao ndio waliomwona akicheza.