Ernst May: Aliyejengea maelfu makazi, yeye akakosa kwao

WAFANYABIASHARA wengi wanaovuka mpaka wa Holili kutoka Taveta kwenda Moshi hulipita jengo la KNCU katikati ya mji bila kujua ni nani aliyelichora. Ni Mjerumani Ernst May, msanifu majengo aliyewahi kuwa na jina kubwa Ulaya, na ambaye alifika Afrika Mashariki akiwa mtu asiyeweza kurudi kwao.

May alizaliwa Julai 27, 1886 katika mji wa Frankfurt. Alisoma Uingereza na Ujerumani, na jijini London alifanya kazi chini ya Raymond Unwin, mtaalamu wa mipango miji aliyeamini kwamba mtu wa kipato kidogo naye anastahili nyumba yenye hewa, jua na bustani. Imani hiyo May hakuiacha maisha yake yote.

Mwaka 1925 Frankfurt ilimwita kuongoza ujenzi wa mji. Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imeacha familia nyingi zikibanana katika vyumba vya kupanga. Katika miaka mitano, May na wenzake walijenga takriban nyumba 12,000. Ili kupunguza gharama, kuta zilitengenezwa kiwandani kwa vipande vikubwa kisha zikaunganishwa kiwanjani. Mwenzake, Bi. Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo lenye makabati ya kujengea ukutani, ambalo leo limeigwa karibu dunia nzima.

Hali ya uchumi ilipoharibika, mwaka 1930 May alikwenda Urusi ya Kisovieti na kundi la wataalamu kupanga miji mipya ya viwanda, ukiwamo Magnitogorsk, mji wa chuma. Kazi haikwenda alivyotarajia. Vifaa vilikuwa haba, na maamuzi yalitoka kwa wakubwa wa siasa.

Alipotaka kuondoka mwaka 1933, nyumbani mambo yalikuwa yamegeuka. Hitler alikuwa ameshika madaraka. May alikuwa na asili ya Kiyahudi, na wafuasi wa utawala mpya walimwona msaliti kwa sababu ya kazi yake Urusi. Mlango wa kwao ukawa umefungwa. Mwaka 1934 alitua Tanganyika pamoja na mkewe Ilse na watoto wao wawili wa kiume, akanunua shamba karibu na Arusha. Mtu aliyepangia miji mizima sasa alikuwa akishika jembe.

Lakini kazi ya mikono yake ilikuwa kalamu. Mwaka 1937 aliliacha shamba, akahamia Nairobi na kufungua ofisi ya usanifu. Hakukaa kwa raha muda mrefu. Vita ya Pili ilipopamba moto, Waingereza walimkamata mwaka 1940 kwa kuwa alikuwa Mjerumani. Ujerumani ilimkataa kwa asili yake, na Waingereza nao wakamfunga kwa uraia wake. Aliachiwa mwaka 1942.

Baada ya hapo ndipo kazi zake za huku zilipokua. Mwaka 1945 alipewa jukumu la kupanga upanuzi wa Kampala katika vilima vya Kololo na Naguru. Hapa ndipo historia inapomhukumu. Mpango huo ulikuwa na shule, maduka na kumbi za jamii, ila uliwagawa watu kwa rangi, Waafrika wakipangiwa Naguru. Aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya asili yake hakuuvunja ubaguzi wa wakoloni. Alichora ndani ya mipaka yake.

Kisumu alichora hospitali ya uzazi ya Aga Khan, na Mombasa Hoteli ya Oceanic iliyopinda kuielekea bahari ili vyumba vipate upepo. Lakini kazi yake yenye maana kubwa kwa Waafrika ni ile ya Moshi. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilitaka jengo lake chenyewe. May aliwachorea nyumba ya ghorofa yenye ofisi, maduka, ukumbi, maktaba na mahali pa kulala wageni. Ilijengwa kwa fedha zilizotokana na kahawa ya wakulima wenyewe, miaka kumi hivi kabla ya uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961. Mkulima aliyeshuka mlimani alikuwa na mahali pake mjini.

Mwishoni mwa 1953, akiwa na miaka 67, May alianza safari ya kurudi Ujerumani. Miaka 20 ilikuwa imepita, na miji aliyoiacha ilikuwa imebomolewa na mabomu. Hakupewa tena Frankfurt yake. Alianzia Hamburg, katika shirika la nyumba la Neue Heimat, akapanga mitaa mipya kwa waliopoteza makazi vitani.

Alifariki Hamburg Septemba 11, 1970, akiwa na miaka 84. Ndipo Frankfurt ilipompokea, kwa kuwa alizikwa huko alikozaliwa. Mmoja wa mitaa yake, Römerstadt, bado unakaliwa, na nyumba moja imetunzwa kama ilivyokuwa ili wageni waione. Na huku Moshi, jengo la wakulima limesimama.