Zélie Martin: Mke na Rafiki

Wengi wetu tuna mwenzi nyumbani, lakini rafiki tunamtafuta nje. Baba humweleza mwenzake wa kazini shida zake, mama humweleza jirani. Leo tumtazame Mtakatifu Zélie Martin, mama yake Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu.

Zélie alizaliwa Ufaransa mwaka 1831. Alitaka kuwa sista, akakataliwa. Akajifunza kushona lesi, akaanzisha biashara yake katika mji wa Alençon. Huko alikutana na Louis, fundi wa saa, ambaye naye alikataliwa utawani kwa sababu hakujua Kilatini. Walifunga ndoa mwaka 1858.

Mungu aliwajalia watoto tisa, lakini wanne walikufa wakiwa wadogo. Msiba wa namna hiyo huleta lawama katika nyumba nyingi. Wao waliendelea kwenda Misa pamoja kila alfajiri.

Biashara ya Zélie ilipokua, Louis aliuza duka lake la saa mwaka 1870 ili amsaidie. Hakuona haya kufanya kazi katika biashara ya mke wake. Alipokuwa safarini kuuza lesi Paris, Zélie alimwandikia barua za mapenzi na za habari za nyumbani.

Mwishoni mwa mwaka 1876 daktari alimwambia Zélie kwamba uvimbe wa titi lake haungepona tena. Alirudi nyumbani akasema ukweli wote. Louis alihuzunika mno. Uvuvi, starehe aliyoipenda, akauacha. Zélie alifariki tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na miaka 45. Louis akawalea mabinti watano, na wote wakawa watawa. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliwatangaza mume na mke hao kuwa watakatifu siku moja.

Bwana Yesu aliwaita wanafunzi wake marafiki kwa kuwa hakuwaficha aliyoyasikia kwa Baba yake. Basi, rafiki wa kweli ni yule unayeweza kumpelekea hata habari mbaya. Je, baba, liko jambo linalomsumbua mkeo ambalo jirani analijua nawe hulijui? Nawe mama, mumeo akikueleza udhaifu wake, unautunza au unautangaza?

Leo jioni, watoto wakishalala, zimeni redio mzungumze. Kisha salini pamoja, japo Baba Yetu moja.