Mwalimu Julius Kambarage na Mamaye

Katika kitabu hiki cha yubile wametajwa maaskofu, mapadre na masista. Yafaa tumtaje pia mlei mmoja, Julius Kambarage Nyerere, ambaye jina lake hata kiwanja cha mpira cha Shinyanga kinalo. Kazi zake za serikali zajulikana na wote. Sisi twapenda kusimulia habari zake pamoja na za mamaye, kwa kuwa zina mafundisho kwa kila mzazi.

Kambarage alizaliwa Butiama, nchi ya Wazanaki, tarehe 13 Aprili 1922. Babaye, Burito Nyerere, alikuwa mtemi mwenye wake 22, na mamaye, Bibi Mugaya, alikuwa mke wa tano. Mtoto alichunga mbuzi na kumsaidia mamaye shambani. Ikawa rafiki wa babaye, Mtemi Makongoro wa Ikizu, alimwona akicheza bao kwa akili nyingi, akashauri apelekwe shule. Basi mwaka 1934 akaenda Mwisenge, Musoma, mwendo wa yapata maili 26 kutoka kwao. Na mwaka 1937 akapelekwa Tabora.

Mtemi Burito alikufa mwaka 1942, na utemi ukashikwa na mwana mwingine, Wanzagi. Kambarage akaendelea na elimu. Mwaka 1943 akaingia Makerere, na mwisho wa mwaka uo huo akabatizwa Julius. Kisha akafundisha Tabora katika shule ya misheni ya St. Mary's, na mwaka 1949 akaenda kusoma Edinburgh. Alirudi mwaka 1952, kisha akaoa, akawa mwalimu Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mama mjane angetaka nini tena?

Kumbe moyoni mwa mwana mlikuwa na neno jingine. Watu walikuwa wakija nyumbani kila siku, wakazungumza kwa sauti ya chini. Usiku mmoja mama akayasikia maneno yao, ya kwamba wataka kuitwaa serikali mikononi mwa Wazungu. Akashikwa na hofu. Akamwuliza mwanawe, naye hakumficha, hofu ikazidi. Akamwonya kwamba Mungu amempa kazi njema, naye ataka kuiharibu. Mwana akamjibu kwamba jambo hilo halitawafaa wao tu, bali watu wote wa nchi.

Tusimcheke mama huyu, maana hofu yake haikuwa ya bure. Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na mwezi wa Machi 1955 ilimpasa Mwalimu achague kazi au chama. Akaiacha kazi, akarudi Butiama bila mshahara. Kwa muda alimfundisha Kizanaki padre mmoja wa Maryknoll, shirika lile lile lililotumika katika jimbo letu. Huku Usukumani TANU ilizuiwa hata mwaka 1958. Mwaka huo huo Mwalimu akashitakiwa kwa maneno aliyoandika juu ya maofisa wa serikali, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Akailipa faini.

Lakini Bibi Mugaya aliishi, akaiona tarehe 9 Desemba 1961, nchi ilipopata uhuru, na mwanawe aliyechunga mbuzi akawa waziri mkuu. Mwaka mmoja baadaye akawa rais. Mwaka 1985 Mwalimu aliuacha urais kwa hiari yake, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao. Jimbo la Musoma limeanzisha kesi ya kumwombea atangazwe mwenye heri, naye huitwa Mtumishi wa Mungu.

Sisi wa Tinde twakaa penye njia panda. Watoto wetu hupita hapo kwenda Mwanza, Kahama na migodini Geita, nasi twawaombea kazi na mshahara. Ni haki. Lakini mtoto akiitwa na watu awaongoze, katika ushirika au katika jumuiya, mara nyingi mzazi huona amepata hasara. Na amwulize mwanawe waziwazi, kama Bibi Mugaya alivyouliza, kisha asikilize jibu. Mtoto tuliyepewa na Mungu hakutolewa kwa nyumba yetu peke yake.